Wiki Sita za Kwanza Chuoni

Wahadhiri wenzangu, walezi wa mabweni, shikamooni. Vijana wa serikali ya wanafunzi, hamjambo.

Keshokutwa mabasi ya mikoani yataanza kuwashusha wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza. Mtawaona getini: begi mgongoni, ndoo mpya mkononi, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, bahasha ya vyeti imebanwa kwapani. Siku ile huwa tunaiandaa vizuri, na nawashukuru kwa kazi hiyo. Ila leo nataka tuzungumze kuhusu wiki sita zinazofuata, kwa kuwa tunapofika Januari tukihesabu vitanda vilivyobaki vitupu, ukifuatilia utakuta karibu kila aliyeondoka alianza kuondoka mwezi ule wa kwanza. Alikosa semina moja, hakuna aliyemuuliza. Akakosa ya pili.

Mimi mwenyewe nilikaribia kuacha. Chuo nilichosoma sitakitaja. Nilifika na ada pungufu, jina langu halikuwa kwenye orodha ya mikopo iliyotoka, na dirishani niliambiwa nirudi wiki ijayo. Nikarudi. Nikaambiwa tena wiki ijayo. Bila usajili sikuwa na kitambulisho, bila kitambulisho maktaba siingii, na chumba sipewi. Nililala kwa kubebana na kijana wa wilaya moja nami, wawili kwenye kitanda cha mmoja, tukigeuka kwa zamu. Siku ya kumi nilianza kuulizia nauli ya kurudi Kigoma.

Jioni hiyo akaja kaka mmoja wa mwaka wa pili, akasimama mlangoni akaniuliza, "Wewe ndiye uliyetoka Kasulu? Umekula?" Fedha hakunipa, hakuwa nazo. Alinipeleka kwa mama ntilie aliyekuwa akimkopesha yeye, akasema, "Huyu ni mdogo wangu." Asubuhi akanifuata, tukaenda wote ofisi ya mlezi wa wanafunzi, akasimama pale pale kwenye foleni mpaka nikaandikiwa barua ya kusajiliwa kwa muda. Sikujua kwamba barua ya namna hiyo ipo. Yeye alijua kwa sababu mwaka uliotangulia aliipata yeye.

Naomba mlishike hilo. Nafasi yangu ilitaka kupotea kwa kukosa habari ambayo mtu wa chumba cha pili alikuwa nayo.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo penye uzito. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, na bila hiyo wengi waliomo ukumbini humu tusingewaona. Lakini angalieni jinsi mambo yanavyofungana. Majina ya waliopata hutoka kwa awamu, na mwingine anaona lake wakati masomo yameshaanza. Mwingine anapata asilimia fulani tu ya ada, iliyobaki ni juu ya mzazi. Asipoilipa hasajiliwi, na asiposajiliwa hasaini bumu, ile fedha ya kujikimu. Shilingi 10,000 za kila siku za chakula na malazi zipo kwa jina lake, naye analala na njaa. Usajili unadai fedha, fedha inadai usajili, na mtoto wa miaka kumi na tisa yuko katikati anaona haya kumwambia mtu.

Chuo kimoja cha Marekani, Georgia State cha pale Atlanta, kilianza mwaka 2011 kutoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi waliokaribia kufutwa kwa deni dogo. Nchi yao ina uwezo, silinganishi mifuko yetu na yao. Kilichonigusa ni utaratibu wenyewe: mwanafunzi hatakiwi kuomba. Chuo kinapitia madaftari yake, kinaona nani amebakiza kiasi kidogo, kinamtafuta. Kupitia daftari hakuhitaji dola. Mhasibu wetu anajua leo hii nani anadaiwa laki moja na nani milioni. Hao wa laki moja wapigiwe simu kabla ya wiki ya tatu, waelezwe barua ya usajili wa muda inapatikanaje, na rufaa ya mkopo inaombwaje. Wa milioni nao tusiwaache, lakini wale wa laki kuwapoteza ni uzembe wetu.

La pili ni lugha. Mtoto amesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili. Sekondari alifundishwa kwa Kiingereza, ila mwalimu alipoona nyuso zimekunjamana aligeukia Kiswahili. Sasa anaingia ukumbi wa watu mia nne, mhadhiri yuko mbali, anaongea Kiingereza kwa kasi, hageuki. Mtoto anaandika anachoweza. Swali analo, lakini kulitunga mbele ya watu mia nne ni kazi nyingine, analimeza. Akitoka anatafuta madesa, yaani notsi za kunakili, ya mwaka jana, anayakariri bila kuyaelewa. Jaribio la kwanza linarudi na alama ambayo hajawahi kuipata maishani, yeye aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao miaka sita mfululizo.

Wahadhiri, hapa nasema nanyi. Kwenye semina waacheni wajadili kwa Kiswahili, waelewe jambo lenyewe, kisha waandike kwa Kiingereza. Najua wapo mnaopinga. Nimefanya hivyo miaka mingi, na naona vijana waliokuwa wakijificha nyuma wakianza kusogea mbele. Na lile jaribio la kwanza lisahihishwe mapema. Ukilirudisha wiki ya kumi, umempa taarifa ambayo hawezi tena kuitumia, maana mtihani wa mwisho uko mlangoni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tunampa, shamba hatumwonyeshi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Oktoba 1961, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilipofunguliwa katika jengo la chama cha TANU pale mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kilikuwa na kitivo cha sheria peke yake, na wanafunzi wenyewe hawakuzidi kumi na watano. Mhadhiri alimjua kila mmoja kwa jina. Akikosekana mmoja, kiti kilionekana. Leo tuna maelfu, na ni jambo jema, nchi ilihitaji maelfu. Lakini hakuna kiti kinachoonekana tena.

Sasa la aibu, ambalo nadhani ni kubwa kuliko yote. Huyu kijana hakuja peke yake. Kijijini watu walichanga. Shangazi aliuza mbuzi, msikitini waliomba dua, kanisani walimwita mbele wakamwekea mikono. Akishindwa, anarudi na uso gani? Ndiyo maana wengi wanaoacha chuo hawarudi nyumbani. Anapanga geto mjini na wenzake, anaendesha bodaboda ya mtu, na mama akipiga simu anajibu yupo maktaba. Nimekutana na mmoja aliyeishi hivyo mwaka mzima. Alipoanza kunieleza alilia kwa muda mrefu kabla hajaweza kuongea.

Watafiti wawili, Walton na Cohen, walichapisha mwaka 2011 katika jarida la Science jaribio ambalo nimelifikiria sana. Waliwachukua wanafunzi wapya wa chuo kimoja cha Marekani kwa muda wa kama saa moja tu, wakawasomesha maelezo kutoka kwa waliowatangulia: kwamba nao walipofika walijiona hawastahili kuwepo pale, na hali ile ikapita. Basi. Kwa miaka mitatu iliyofuata, alama za wanafunzi weusi waliosikia maneno hayo zilipanda, na pengo kati yao na wazungu likapungua kwa karibu nusu. Marekani ina majeraha yake na sisi tuna yetu. Hata hivyo, kijana wa kwetu anayedhani ni yeye peke yake asiyeelewa, peke yake mwenye njaa, naye anahitaji kusikia kutoka kinywani mwa mwenzake kwamba hayuko peke yake. Ninyi wa mwaka wa pili na wa tatu, mkikaa nao kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, waambieni kweli. Waambieni kuhusu sapu, ule mtihani wa marudio, mliyofanya na miezi mliyokula mlo mmoja. Msijionyeshe kuwa mliyaweza yote tangu siku ya kwanza.

Na jambo moja la ofisini, ambalo limewaumiza wengi bila sababu. Mtu akiuguliwa na mzazi, akijifungua, akikosa ada kabisa, katika vyuo vingi anaruhusiwa kuahirisha masomo kwa maandishi na nafasi yake hubaki. Akiondoka kimya anahesabiwa ametoroka, usajili unafutwa. Hali ni ile ile, mwaka ni ule ule, mmoja ana karatasi na mwingine hana. Kila mlezi wa bweni awe na fomu hizo chumbani kwake. Ukimwona mtu anafunga begi katikati ya muhula, usimhoji sana. Mpe fomu, mshike mkono, nenda naye mpaka zijazwe.

Nimeandaa majina ya mwaka wa kwanza, kumi kwa kila karatasi, yenye wilaya wanazotoka na namba zao za simu. Yako meza ile ya nyuma, yamepangwa kwa mabweni. Ukichukua karatasi, kila Jumapili kwa wiki sita unawatafuta wote kumi na kuwauliza mambo matatu: umesajiliwa, umekula, semina ya mwisho ulikwenda? Jibu likiwa hapana, nipigieni, hata usiku. Wageni ni wengi kuliko sisi, kwa hiyo wengine itabidi mchukue karatasi mbili. Nitakaa hapa mpaka ziishe.