Jinsi ya Kumtambua Koa wa Bahari Mwenye Matuta ya Buluu

Karibuni. Leo tuko mwambani, maji yamekupwa, na tunamtafuta koa wa bahari ambaye wengi humpita wakidhani ni kipande cha tumbawe. Jina lake la kisayansi ni Phyllidia varicosa, alilopewa na Mfaransa Lamarck mwaka 1801. Anaishi kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi katikati ya Pasifiki.

Kwanza chagua siku. Ngoja bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maana ndipo maji hutoka mbali. Fika maji yakiwa bado yanatoka. Vaa viatu vya soli ngumu kwa ajili ya fuma, wale wanyama wa baharini wenye miiba, na ubebe miwani ya kuzamia. Kanyaga mchanga au mwamba mkavu, usikanyage matumbawe hai. Maji yakianza kujaa, geuka urudi.

Sasa usimtafute koa. Tafuta chakula chake, yaani sifongo, wanyama laini wenye vitundu wasiohama, zile zinazoota ubavuni mwa miamba na kwenye vipande vya matumbawe yaliyokufa. Koa huyu hana meno. Huilainisha sifongo kwa majimaji yake kisha akaifyonza. Wala hajifichi mchana. Utamkuta wazi kabisa, akitembea polepole, na sababu nitaieleza punde.

Huyu hapa. Tazama mgongo: mweusi, umepitiwa na matuta ya buluu ya kijivu kutoka kichwani hadi nyuma, kama matuta ya shamba la viazi. Juu ya matuta kuna vinundu vyenye ncha za manjano. Mkubwa anaweza kupita sentimita 10. Usitafute kishada cha mashavu ya kupumulia mgongoni kama kwa koa wengine wengi wa bahari, kwani mashavu yake yako chini, pembeni mwa unyayo, yaani upande wa tumbo anaotambalia.

Watu wengi huishia kwenye rangi, na hapo ndipo wanapokosea. Sogea karibu, uzitazame pembe mbili za mbele anazonusia. Zikiwa za manjano, endelea. Zikiwa nyeusi, na vinundu ni vya waridi au kijani hafifu, huenda unamtazama Phyllidiella pustulosa, jamaa yake wa karibu.

Bado kuna Phyllidia coelestis, naye ana pembe za manjano na buluu mgongoni. Hawa wawili hutenganishwa na unyayo. Varicosa ana mstari mweusi katikati ya unyayo, kutoka mbele hadi nyuma; coelestis hana. Tafadhali usimbandue ili uuone. Subiri apande ukingo wa jiwe, kisha pitisha kamera isiyoingia maji kwa chini. Huchukua muda, lakini subira hiyo ni haki yake.

Usimtie kwenye ndoo pia. Mwaka 1963 mtafiti R. E. Johannes aliandika kwamba ute wa koa huyu unaua samaki na wanyama wa jamii ya kaa. Mwaka 1975 wanakemia wa Hawaii walionyesha kwamba sumu hiyo huitoa kwenye sifongo anayoila. Ndiyo maana anatembea mchana bila hofu, na rangi zake ni onyo kwa samaki. Hata watoto wa jongoo bahari aina ya Pearsonothuria graeffei hufanana na koa wa jamii hii, basi ukiona vimikono vidogo mdomoni vikichota mchanga, huyo si koa.

Kwenye hifadhi za bahari kama Kisite na Watamu za Kenya, na Chumbe ya Zanzibar, kuchukua kiumbe chochote ni marufuku. Hata nje ya hifadhi, picha tatu zinatosha: ya mgongo wote, ya pembe kwa karibu, na ya unyayo. Andika tarehe, mahali, kina cha maji, na rangi ya sifongo aliyokuwa juu yake. Ukikosa picha ya unyayo, andika Phyllidia tu, bila jina la pili.