Jiwe Lililokuwa Likitupwa: Saruji na Nyumba za Kwanza za Zege

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma, karibuni. Hapa mezani nina mawe mawili. Hili jeupe ni chokaa, ya ukoo ule ule uliojenga msikiti mkuu wa Kilwa. Hili jeusi, dogo kama kungu, ni klinka. Mfuko wa saruji mnaoubeba begani kila siku, kilichomo hasa ni hili, limesagwa pamoja na jasi kidogo.

Kinachotenganisha haya mawili ni moto. Chokaa huiva kwenye nyuzi 900 hivi, na tanuu la magogo linatosha. Klinka hutaka nyuzi 1,450, tena ndani yake kuwe na udongo wa mfinyanzi, uyeyuke kidogo na kuungana na chokaa.

Tarehe 21 Oktoba 1824, mwashi wa Leeds, Uingereza, aitwaye Joseph Aspdin, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya unga aliouita saruji ya Portland. Jina alilichukua kwenye jiwe la kujengea la Portland, lililokuwa na heshima kubwa, kwa kuwa unga wake ukishashikana ulifanana nalo. Nimesema kushikana, sikusema kukauka. Saruji hushikana kwa kunywa maji, ndiyo maana tunaimwagilia. Lakini moto wa Aspdin ulikuwa bado mdogo, na saruji yake haikuwa hii tunayoijua.

Mwanawe, William, ndiye aliyeanza kutengeneza saruji kali zaidi, kando ya mto Thames, miaka ya 1840. Siri hakuitoa. Isaac Johnson, aliyekuwa meneja wa kiwanda shindani pale Swanscombe, alisimulia uzeeni kwamba William alikuwa akiingia tanuuni na sinia lenye vyumba vyumba, ndani mna mrututu na unga wa hiki na kile, anarusha konzi huku na huku juu ya malighafi ili wafanyakazi waamini dawa iko mle. Johnson akahangaika kuitafuta hiyo dawa. Alifika hadi kuchoma mifupa, harufu ikawakera majirani.

Jibu lilikuwa miguuni pake. Kila tanuu lilipofunguliwa, kulikuwa na mabonge yaliyopitiliza kuiva, yameanza kuwa kama kioo, na hayo, ndiyo klinka yenyewe, yalikuwa yakitupwa. Siku moja akayasaga na kuyakoroga na maji. Hayakushika, hata joto hayakutoa. Akaacha. Aliporudi siku chache baadaye, donge lile lilikuwa gumu kuliko yote aliyowahi kutengeneza, na rangi yake kijivu kizuri. Mimi kila nikiisoma habari hii husimama hapo kwenye zile siku chache. Angelitupa donge siku ile ile, asingejua.

Sasa nyumba. Huko huko Swanscombe, mwaka 1835, wenye kiwanda kile walijenga nyumba ya zege: kuta za zege, vigae vya paa, hata fremu za madirisha. Isipokuwa sakafu. Kwa nini sakafu waliiogopa?

Wazee wetu wa Lamu na Unguja wangewajibu. Ingieni nyumba ya mawe ya zamani: chumba ni kirefu lakini chembamba, kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti ya mkoko. Ukuta wa mawe na chokaa unabeba mzigo karne nzima, kwa kuwa unaminywa tu. Kitu kinacholala juu ya hewa kinapinda, na upande wake wa chini unavutwa. Zege likiminywa ni simba, likivutwa linapasuka. Boriti ndiyo iliyokuwa ikivumilia kule kuvutwa.

Mwaka 1854 mpiga lipu wa Newcastle, William Wilkinson, alipata hataza ya kulaza ndani ya sakafu ya zege vyuma vyembamba na kamba za waya zilizokwisha kazi migodini. Alijua zikae wapi: chini, kule kunakovutwa. Mwaka 1865 akajenga kijumba cha ghorofa moja kwa njia hiyo. Kilisimama hadi 1954, na kilipobomolewa wahandisi walikuwepo kuona alivyoipanga ile kazi.

Nondo mnazofunga leo ni wajukuu wa zile kamba. Nawaomba sana, kabla zege halijamwagwa, inameni mtazame chini ya nondo. Kama imelala juu ya mbao bila kuinuliwa, zege halitaifunika. Kutu itaila, na slabu itaanza kumeguka vipande. Nimewahi kusimama chini ya slabu ya namna hiyo, nyumba ya jamaa yangu, nondo zote nje kama mbavu, na watoto wanalala chumba kile.

Pokeeni hii klinka, mpitishiane. Ikwaruzeni kwa ukucha.