Joseph Thomson na Makaa ya Mawe Yasiyokuwepo Ruvuma

Mwenyekiti, walimu wangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama huko nyuma, ahsanteni kwa kuja.

Swala tomi mnamfahamu: yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, mkia hautulii. Maporomoko ya Thomson pale Nyahururu wengi wenu mmeyapiga picha. Mwenye jina hilo, hata hivyo, hakuwa hasa mtu wa swala wala wa maporomoko. Alikuwa mtu wa mawe. Na kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni ile aliyoimaliza kwa kusema: hakuna kitu hapa.

Joseph Thomson alizaliwa Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mwashi, baadaye akawa na machimbo ya mawe, na kijana akafanya kazi humo kabla ya kwenda chuo. Alipofika Chuo Kikuu cha Edinburgh kusoma jiolojia kwa Archibald Geikie, tayari mikono yake ilikuwa imeshajua jiwe gani linapasuka vipi. Ninalisisitiza hili kwa sababu litamsaidia, na mahali pamoja litamponza.

Mwaka 1879 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliandaa msafara wa kutoka Dar es Salaam kwenda Ziwa Nyasa na Tanganyika. Mkuu wake alikuwa Keith Johnston, mchora ramani. Thomson alichukuliwa kuwa mwanajiolojia na mkusanyaji wa mimea na wanyama. Waliondoka Mei. Mwezi uliofuata Johnston akafa kwa kuhara damu huko Behobeho, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Thomson alikuwa na miaka 21, na msafara wa watu wapatao 150 ukabaki mikononi mwake.

Hapo nawaomba tusidanganyane. Msafara ule haukuongozwa na kijana wa Edinburgh peke yake. Kiongozi wa wapagazi alikuwa Chuma, yule yule ambaye pamoja na Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Chuma alijua njia, alijua bei ya kitambaa, alijua lini mtu aseme na lini anyamaze mbele ya mtemi. Sifa ya Thomson ni kwamba alimsikiliza. Alipenda methali ya Kiitaliano isemayo aendaye polepole huenda salama, na aendaye salama hufika mbali. Sisi tunayo yetu ya haraka haraka, na naamini Chuma alikuwa akiiishi kabla ya Thomson kuzaliwa.

Walifika kaskazini mwa Nyasa, wakaliona Tanganyika, na Thomson akathibitisha kwamba maji ya ziwa hilo hutoka nje kupitia mto Lukuga, jambo ambalo wasafiri Cameron na Stanley walikuwa wamelibishania. Aliokota pia makombe ya konokono. Makombe ya Tanganyika ni ajabu: baadhi ni mazito, yana miiba, ungeapa yametoka baharini. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya walijadiliana kama ziwa lile liliwahi kuwa bahari. Leo tunajua halikuwa. Konokono wale walibadilika humo humo ziwani kwa muda mrefu mno.

Sasa tuje Ruvuma. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na meli za mvuke, na meli za mvuke zinakula makaa ya mawe, na makaa yale yalitoka ng'ambo kwa fedha nyingi. Habari zikamfikia kwamba bonde la mto Ruvuma lina makaa. Mwaka 1881 akamwajiri Thomson akayatazame. Fikirieni hali yake: kijana wa miaka 23, analipwa na mfalme, na mfalme anajua jibu analolitaka. Thomson akapanda hadi karibu na pale mto Lugenda unapoingia Ruvuma, akayachunguza yale mawe meusi. Hayakuwa makaa. Yalikuwa tope la kale lililogandamana likawa mwamba, lenye lami kidogo ndani yake. Halifai kuendeshea meli. Akarudi akasema hivyo. Sultani hakufurahi hata kidogo.

Naona mkono umenyooshwa kule: lakini Ngaka si kuna mgodi wa makaa? Upo, na uko Mkoa wa Ruvuma kweli. Ila Ngaka iko Mbinga, mbali sana magharibi, upande wa Ziwa Nyasa. Jina la mkoa lisikuchanganye. Thomson aliulizwa kuhusu mawe fulani, mahali fulani, na jibu lake limesimama.

Safari yake maarufu ni ile ya 1883 na 1884, kutoka Mombasa kupita nchi ya Wamaasai hadi Ziwa Victoria. Jaribio la kwanza lilishindikana akarudi pwani; la pili aliambatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, na bila huyo sidhani angefika. Aliuona Longonot na kuutambua kuwa ni mlima wa moto; kazi ya kulieleza Bonde la Ufa kama ufa hasa ilikuja kufanywa na wanajiolojia wengine, Suess na kisha Gregory. Mwisho wa Desemba 1883 alipigwa pembe na nyati aliyedhani amekwisha kufa, akabebwa kwa machela.

Ni katika safari hiyo alipoyaona mapango ya Mlima Elgon. Watu walikuwa wakiishi humo na ng'ombe wao. Thomson akakata shauri kwamba yalichimbwa na taifa la kale lililotafuta vito au madini. Mwana wa machimbo aliona machimbo! Leo tunajua tembo huingia usiku kukwangua kuta kwa pembe ili walambe chumvi, na kwa karne nyingi wamesaidia kuyapanua.

Yaliyofuata nitayapita haraka, maana hayanifurahishi. Mwaka 1885 alikwenda Sokoto kutafutia kampuni ya biashara mikataba. 1890 alifanya kazi kama hiyo kwa kampuni ya Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza wa kusini mwa Afrika, akielekea Katanga, lakini ndui ikamzuia njiani. Nyundo ya jiolojia ilikuwa imewekwa chini, kalamu ya mikataba imeshikwa. Afya yake haikurudi tena. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37.

Mwenye swali la mapango aanze, kisha tutakwenda kwa konokono.