Mafuta ya Mwili na Kidonda Kisichofunga

Wauguzi wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mliowasindikiza wagonjwa wenu kliniki ya kisukari mkakubali kubaki, asanteni.

Nimeombwa nieleze habari ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zinazotolewa kwenye mafuta ya mwili ili zisaidie vidonda kupona. Najua inakotoka hamu hii. Mitandaoni tiba hiyo inauzwa kana kwamba utafiti umekwisha, na mtu ambaye kidonda chake cha mguu kimegoma kufunga kwa miezi yuko tayari kuuza shamba. Basi twende taratibu.

Mwaka 1964 mtafiti wa Marekani, Martin Rodbell, alichukua mafuta ya panya akayatia kolajenesi, kimeng'enya kinachokata nyuzi zinazoshikanisha seli, kisha akayazungusha kwa mashine. Seli za mafuta zikaelea. Hizo ndizo alizozihitaji. Kilichozama chini hakikuwa haja yake. Mwaka 2001 Patricia Zuk na wenzake, wa Los Angeles na Pittsburgh, walichukua mafuta yaliyonyonywa kutoka kwa watu wakati wa upasuaji, wakachunguza tabaka hilohilo la chini. Humo walikuta seli ambazo, zikilelewa maabara, ziligeuka mfupa, gegedu, misuli au mafuta. Hadi wakati huo seli za namna hii zilitafutwa zaidi kwenye uboho, na kuutoa uboho ni kupenyeza sindano ndani ya mfupa wa nyonga. Mafuta yapo tele chini ya ngozi, na kuyatoa hakuumizi kiasi hicho.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani seli hizo zikiwekwa kidondani zinageuka ngozi mpya. La. Nyingi hutoweka baada ya siku au wiki chache. Zinachofanya ni kazi ya mnyapara kwenye ujenzi: hazishiki mwiko, zinaamrisha. Hutoa kemikali zinazoita mishipa midogo ya damu ichipue. Huzihimiza seli zinazofuma kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Na jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, huzigeuza tabia seli za kinga. Katika kidonda cha kawaida seli za kinga huja kwa ukali, huua vijidudu na kula nyama iliyokufa, kisha hupoa na kuanza kujenga. Kwa mgonjwa wa kisukari mara nyingi ukali ule haupoi. Kidonda kinabaki kwenye vita wiki baada ya wiki, huku mishipa ya fahamu iliyokufa ganzi ikimwachia mgonjwa aukanyage mguu bila kusikia maumivu.

Je, kwa binadamu imeonekana? Mwaka 2007 Gino Rigotti na wenzake wa Verona, Italia, walichapisha taarifa ya wagonjwa 20 ambao tishu zao ziliharibiwa na tiba ya mionzi. Walidungwa mafuta yao wenyewe yaliyosafishwa, na karibu wote walipata nafuu. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Ndiyo maana mimi huegemea zaidi jaribio la Korea Kusini lililochapishwa mwaka 2019, la vidonda vya miguu vya kisukari. Kundi moja lilifunikwa vidonda kwa utando wa jeli wenye seli shina kutoka mafuta ya mtu mwingine, lingine kwa utando wa plastiki (poliyurethani) usio na seli. Baada ya wiki 12, vidonda vilikuwa vimefunga kabisa kwa asilimia 82 ya waliopewa seli, na asilimia 53 ya wasiopewa.

Tazameni tena hiyo 53. Hao hawakupata seli hata moja! Walichopata ni uangalizi: kidonda kufungwa vizuri na kuangaliwa kwa ratiba. Jaribio lilikuwa dogo, wagonjwa chini ya 60, kwa hiyo tofauti ya makundi mawili inatia moyo lakini haijatosha kubadili matibabu yetu.

Tahadhari nayo ipo. Darvadstrocel, dawa ya seli shina za mafuta kwa fistula, yaani vijitundu visivyofunga karibu na njia ya haja kubwa, za ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2018. Jaribio kubwa lililofuata halikuonyesha faida iliyotarajiwa, na dawa ikaondolewa sokoni huko. Na huko Florida, Marekani, wanawake watatu wazee walipoteza uwezo wa kuona baada ya kudungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao. Madaktari waliripoti hayo mwaka 2017. Wanawake hao walilipa dola 5,000 kila mmoja, na wengine kati yao waliamini wako kwenye utafiti. Nikikumbuka hilo nakasirika, kwa sababu utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa bei ya namna hiyo.

Kwa hiyo akija mtu kukuuzia, muulize: seli ni za nani, zimeandaliwa maabara ipi, nani ameidhinisha, kundi la kulinganisha liko wapi? Krimu ya kopo inayodaiwa kuwa na seli shina isikusumbue kabisa. Seli hai haziishi dukani kwenye joto.

Na hata siku tiba hii ikitufikia, mnyapara hajengi pasipo vifaa. Damu lazima ifike mguuni, nyama iliyokufa iondolewe, maambukizi yatibiwe, sukari ishuke, na uzito utolewe kwenye kidonda kwa kiatu maalumu au plasta ngumu ya kufungia mguu. Hayo manne matano tunayaweza leo hii, chumba cha tatu, mkono wa kushoto. Anayetaka kukaguliwa miguu avue viatu vyote viwili, na soksi pia.