Vidole Viwili vya Tony Iommi na Sauti Nzito ya Birmingham

Mabibi na mabwana, wengi wanaousimulia muziki wa hevi metali, ule wa roki wenye gitaa zito la umeme, huanza na shetani. Mimi naomba tuanze kiwandani. Mwaka 1965, mjini Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikuwa akimalizia siku yake ya mwisho katika kiwanda cha mabati pale mashine ilipomkata ncha za kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kulia. Kwa kuwa hupiga gitaa kwa kushoto, vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa vikibana nyuzi.

Msimamizi wake alimpa santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye vidole vyake viwili viliharibiwa na moto, naye akapata moyo. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akaifinyanga iwe vifuniko vya vidole, kisha akavivisha ngozi ili visiteleze. Nyuzi za kawaida bado zilimuumiza, ikabidi atumie nyembamba, zikiwemo za banjo.

Albamu ya kwanza ya Black Sabbath, bendi ya Iommi na wenzake inayohesabiwa kuwa chanzo cha muziki huo, ilitoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970. Wimbo wa kwanza hufunguliwa na mvua na kengele, kisha gitaa likaja taratibu na noti tatu tu: ya msingi, ile ile ikiwa oktavo moja juu, na ya tatu iliyo nusu-toni sita (nusu-toni ni hatua ndogo kati ya noti na inayofuata) kutoka ile ya msingi, ambayo huliacha sikio likining'inia bila mahali pa kutua. Mpiga besi Geezer Butler alikuwa akiipenda "Mars", muziki wa okestra wa mtunzi Gustav Holst, na humo ndimo mlimochipuka wazo hilo. Na wanaodai kwamba wimbo huu unamtukuza shetani sidhani kama wameusikiliza, maana mwimbaji wa bendi, Ozzy Osbourne, anaimba kwa hofu, akimwomba Mungu amsaidie.

Uzito wenyewe uliongezeka mwaka 1971, katika albamu ya tatu, ambamo nyimbo kadhaa zilipigwa nusu-toni tatu chini ya kawaida: nyuzi zilizolegezwa hazikumsumbua sana Iommi, na besi iliposhuka pamoja nazo, bendi nzima ikanguruma. Leo wapiga gitaa wenye vidole kumi vizima hulegeza nyuzi zao hadi hapo, wengine chini zaidi.