Waingereza Wakisema "get rid of", Kitu Kinakwenda Wapi?

Hamjambo, ndugu watazamaji wa nyumbani Uganda, mlioko Jinja, Kampala, Arua, Busia na kwingineko ambako Kiswahili kinasikika. Ninawasalimu kutoka Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ambako mvua imenyesha tangu alfajiri, na ndiyo maana nimeketi chumbani badala ya kuwatembeza sokoni kama nilivyoahidi. Kabati la vitabu mnaloliona nyuma yangu ni geni kwenu. Nitalieleza kabla ya kuagana, kwa kuwa limeingia humu ndani kwa sababu ya maneno matatu ya Kiingereza ninayotaka kuyazungumzia leo: "get rid of".

Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni kutupa. Mwalimu aliyaandika ubaoni, akaandika "kutupa" pembeni yake, nasi tukanakili. Hakutudanganya, ila alitupatia nusu ya maana, na nusu iliyobaki nilikuja kuilipia kwa aibu.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumatatu moja meneja, akiwa anakimbilia gari lake, alinionyesha viti sita vya kitambaa vilivyopangwa ukutani, akaniagiza kwa maneno hayo hayo, "get rid of", akiongeza kwamba kazi iwe imekwisha kufikia Ijumaa. Mimi sikungoja Ijumaa. Nilimwita mwenzangu, tukavibeba kimoja baada ya kingine hadi kwenye kontena la takataka nyuma ya jengo, tukavirusha ndani, na usiku ule mvua ikavinyeshea mpaka sponji zikavimba. Ijumaa asubuhi likafika gari la duka la hisani, yale maduka yanayouza vitu vilivyotumika ili faida iende kwenye misaada, na dereva akauliza viti viko wapi. Vilikuwa vizima, tena kila kimoja kilikuwa bado na lebo ya usalama wa moto, ambayo bila hiyo maduka hayo huvikataa viti vya namna hiyo, kwa kuwa kanuni za mwaka 1988 zinataka viti vinavyouzwa vistahimili moto. Meneja alinikabidhi kwa dereva nimweleze mwenyewe, na nilimweleza nikitazama viatu vyangu.

Jioni nilimpigia mama simu. Mama amelea watoto wake katika kambi ya jeshi, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uwanjani, ya dukani na ya kugombezwa, na Kiingereza anakijua kwa kukisikia redioni tu.

"Mwanangu, umetupa viti vizima?"

"Mama, niliagizwa visionekane pale kufikia Ijumaa."

"Sawa, visionekane. Lakini ulimwuliza mkubwa wako viende wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Nilipolala nikaendelea kulifikiria swali lake, nikagundua kwamba Kiingereza hakikunipa sababu ya kuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukitafsiri kichwani kwa kitenzi cha Kiswahili chenye jibu ndani yake.

Tulitazame neno "rid" lenyewe. Limetokana na Kinorse cha Kale, lugha ya Waskandinavia waliokuja na kufanya makazi katika sehemu hizi za kaskazini zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na kitenzi chao, "ryðja", kilihusu kufyeka ardhi ili itumike. Anayefyeka anafikiria shamba lake. Miti na magugu yakishatoka, hayamhusu tena. Hata leo Mwingereza anaweza kusema kwamba ame-"rid" shamba "of" magugu, na kinachotajwa kwanza ni shamba, magugu yakifuata nyuma baada ya "of". Ukiweka "get" mbele, ambayo hapa ina maana ya kufikia hali fulani, unapata usemi unaosema: nimefikia hali ya kutokuwa nacho. Usemi huo unaitazama nyumba iliyobaki safi, wala haukifuati kitu kilichotoka mlangoni, kwa hiyo kiwe kimeuzwa, kimegawiwa, kimechomwa moto au kimetiwa kwenye kontena, vyote ni sawa.

Kiswahili kina mwelekeo mwingine. Sisi tukisema kutupa, mkono unaonekana na kitu kinaonekana kikiruka. Maji tunayamwaga, hatuyatupi. Mfanyakazi anafukuzwa, mbwa wa jirani anafukuzwa, lakini nguo iliyombana mtoto anapewa mdogo wake. Kila kitenzi kinakuja na safari yake, na msikilizaji anajua bila kuambiwa kama mzigo umekwenda jalalani au kwa shangazi. Ukinilazimisha kuchagua neno moja lililo karibu zaidi na "get rid of", nitachagua kuondokana na, kwa sababu nalo linamtazama anayebaki. Tunasema nchi imeondokana na ugonjwa, na hakuna anayeuliza ugonjwa umewekwa wapi. "Kuachana na" kunafaa kwa tabia na kwa marafiki wabaya.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kikohozi. Mwingereza mwenye mafua ya wiki tatu analalamika kwamba hawezi "get rid of" kikohozi chake, kana kwamba ni jukumu lake na ameshindwa kulitekeleza. Mswahili anasema kikohozi hakimwachi. Kwetu kikohozi ndicho kinachong'ang'ania, na mgonjwa hana kosa lolote! Wauguzi wa hapa nilipowaambia hivyo walicheka sana, kisha mmoja akakiri kwamba maelezo yetu yanafanana zaidi na ukweli.

Kwa watu, tafadhali uwe mwangalifu. Ukisema kampuni ime-"get rid of" mtu, umesema amefukuzwa kazi, na umesema kwa ukali. Katika filamu za majambazi, maana yake ni kwamba ameuawa. Hata hivyo, mwenyeji wako Mwingereza anaweza kukuaga mlangoni akisema hana nia ya "get rid of" wewe, ila kesho anaamka mapema. Usikasirike, kwa maana hiyo ni adabu yao ya kukuambia uende. Sisi tunaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunamsindikiza mgeni mpaka barabarani tukiendelea kuzungumza, na huenda yeye pia anajua tumemchoka. Kutokana na neno "rid" wamepata "good riddance", ambayo Shakespeare aliwapa wahusika wake zaidi ya miaka 400 iliyopita, na ambayo husemwa mtu akishageuza mgongo, kama sisi tunavyosema aende zake, afadhali.

Kuhusu sarufi sina mengi. "Rid" haibadiliki, "get" ndiyo inayogeuka kuwa "got", na mwishoni ni "of" yenye f moja. Ila kuna jambo moja la matamshi linalotuhusu sisi Waganda na majirani zetu. Katika Luganda, r husikika baada ya i na e, na kwingine huwa l, kwa hiyo ndimi nyingi za kwetu hulifanya neno hili kuwa "lid", ambayo ni kifuniko. Nimewahi kumwomba mwenye nyumba wangu ruhusa ya kupata kifuniko cha kochi, naye kwa upole akaniuliza ninataka cha rangi gani.

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa nyumbani. Familia ya hapa inayopunguza nguo kabatini husema ime-"get rid of" nguo hizo, na kwao hadithi imeishia hapo, lakini sehemu ya nguo hizo inafungwa marobota, inasafirishwa, na kuzinduka katika soko la Owino, Kampala, kama mivumba, yaani mitumba, ikipigiwa kelele za bei. Kuna wakati Watanzania waliziita nguo hizo kafa Ulaya, na Agosti 2023, akiwa Mbale, Rais Museveni alitangaza kuzipiga marufuku akisema ni za watu waliokufa. Maneno yote hayo yanajaribu kujibu swali la zilikotoka, kama vile mama alivyouliza viti viende wapi. Kwa uzoefu wangu, wengi wa wanaozitoa wako hai na wanene kidogo kuliko walivyokuwa mwaka jana.

Sheria ya Uingereza nayo hairidhiki na usemi huu. Mtu akimlipa mwenye gari dogo aje "get rid of" friji mbovu, na friji hiyo ikakutwa imetelekezwa kando ya barabara, mwenye nyumba anaweza kutozwa faini kwa kutohakikisha kwamba aliyemkabidhi ana kibali cha kubeba taka, kwa kuwa wajibu huo uko katika sheria ya mazingira ya mwaka 1990. Kwa maneno mengine, mwanasheria anauliza swali lile lile la mama, ila kwa faini.

Nimebakiza kabati. Wiki iliyopita, kazini kwangu kwa sasa, mkubwa wangu alinionyesha kabati hili la mbao lililokuwa limesimama kwenye korido, akaniagiza kwa yale maneno matatu. Safari hii nilisimama nikamwuliza: liende wapi? Alionekana kushangaa, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa, kisha akasema popote nipendapo, mradi asilione tena. Nikamjibu kwamba nimeelewa vizuri kabisa, nikamwita jirani yangu mwenye gari, na jioni ile ile tulilipandisha ngazi tatu hadi humu ndani. Mlango wake wa kushoto haufungi sawasawa, lakini mama amekwisha kuliona kwenye simu, akaniambia nitafute bawaba.