Ukuta Huchorwa Ungali Mbichi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Sisi tunasema samaki mkunje angali mbichi. Waitaliano wana sanaa nzima inayosimama juu ya jambo hilo, na jina lake, fresko, maana yake ni hiyo hiyo: mbichi. Kilicho kibichi ni lipu ya ukutani.

Fundi hupiga kwanza lipu nzito ya chokaa na mchanga, akaiacha na mikwaruzo. Juu yake mchoraji huchora mistari kwa udongo mwekundu, mchoro uitwao sinopia. Kisha kila siku hupakwa lipu laini ya mwisho, lakini kwenye kipande kile tu kitakachomalizwa siku hiyo. Kipande hicho huitwa jornata, yaani kazi ya siku. Uso wa mtu mmoja unaweza kula siku nzima, ilhali mbingu pana humalizwa upesi. Ukimulika taa kutoka ubavuni unaziona kingo za vipande hivyo, na unaweza kuhesabu siku za kazi za mtu aliyekufa miaka mia saba iliyopita.

Rangi huchanganywa na maji matupu, hakuna gundi wala yai. Basi inashikwa na nini? Na chokaa yenyewe. Ikikauka huvuta kaboni dayoksidi hewani, ikarudi kuwa jiwe kama lilivyokuwa kabla ya kuchomwa tanurini, na chembe za rangi hubaki zimefungiwa ndani. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe, kwenye nyumba zenye zidaka, anaifahamu. Yetu tuliichoma kutokana na matumbawe. Tabia ni moja.

Lakini chokaa ni kali, haipatani na kila rangi. Giotto alipochora kikanisa cha Scrovegni kule Padova, kazi iliyokuwa tayari mnamo 1305, buluu ya azuraiti ilibidi ipakwe baadaye, ukuta umeshakauka, kwa gundi. Ndiyo iliyobanduka. Joho la Maria limebaki na viraka mahali pengi, na nyuso zilizo kando yake bado zinalia kama jana.

Michelangelo naye alifunzwa na chokaa. Alianza dari la kikanisa cha Sistina, kule Vatikani, mwaka 1508, na mapema tu ukungu ukaota juu ya kazi yake, mpaka akataka kuacha. Alisaidiwa kurekebisha lipu, akaendelea hadi 1512. Adamu wake, yule anayenyoosha mkono, alimmaliza kwa jornata nne. Mwili mzima, mkubwa kuliko mtu, siku nne! Kila nikiutazama nashindwa kuzoea.

Leonardo da Vinci alikuwa na desturi ya kusimama, kufikiri, kurudi na kusahihisha. Lipu mbichi haimsubiri mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo kule Milano, kati ya 1495 na 1498, alichora Karamu ya Mwisho juu ya ukuta mkavu, kwa tempera, yaani rangi ya yai, na mafuta. Yeye mwenyewe alikuwa bado hai ilipoanza kuharibika. Ukarabati wa mwisho ulichukua takriban miaka ishirini, ukaisha 1999, na sehemu kubwa ya kazi ya mkono wake haikupatikana tena. Mimi simlaumu, hadhari na usahihishaji ule ndio uliozaa nyuso zile. Ila nasikitika.

Nataka niwaache Pisa. Julai 1944, vitani, paa la makaburi ya Camposanto liliungua, madini ya risasi yaliyoliezeka yakayeyuka na kutiririka juu ya michoro. Ili kuiokoa, wataalamu waliibandua ukutani. Chini yake zikatokea sinopia, mistari myekundu ambayo haikuwa imeonekana tangu siku ilipofunikwa kwa lipu. Siku hizi zina jumba lao la makumbusho, ng'ambo ya uwanja. Mwende mkaone mahali mchoraji alipoweka mstari, akaghairi, akauweka mwingine pembeni, kabla fundi hajaja na ndoo ya chokaa.